Ng'ombe Hawapigwi Muhuri

Wiki jana mliniacha juu ya lori la nyanya, nimekalia kreti, skafu ya kanisa kichwani, natoka Oyugis naelekea mpakani. Wengine wenu mlinitumia pole. Nashukuru. Zilizobaki ziwekeni akiba, leo zitahitajika.

Kwa wewe uliyenikuta njiani, mimi ni Bitutu, mjane, muuza ndizi za kupika katika soko la Oyugis. Nimeishi pale tangu niolewe lakini wateja bado wananiita Nyar Kisii, binti wa Kisii, na wakitaka kupunguziwa bei ndipo nageuka kuwa mama yao. Nina mtoto mmoja tu duniani, Sheila. Sheila alipendana na kijana Mkurya anayeitwa Gisiri, wakavuka wakaenda kwao, upande wa Tarime. Mahari ikapangwa bila mimi. Aliyepanga ni shemeji yangu Ondieki, ndugu ya marehemu mume wangu, mzee wa kanisa letu la Sabato, mtu wa kuombea chai mpaka ipoe.

"Mama hapokei ng'ombe," aliniambia. "Wewe kaa nyumbani utandike kitanda cha wageni."

Ng'ombe walikuwa watolewe Jumamosi. Alhamisi Sheila akanitumia ujumbe: "Mama njoo kabla ng'ombe hawajatoka." Basi. Nikipiga, mteja hapatikani. Mama gani atasoma hayo kisha alale?

Kwa hiyo Ijumaa nilikuwa mpakani, na kichwani nilikuwa na jambo moja tu: nimfikie Sheila kabla ya ng'ombe.

Hata sijakung'uta vumbi, kijana wa bodaboda akanisimamia.

"Mathe, nikuvushe? Hapo chini kwa mahindi. Hakuna kuandikwa, hakuna kuulizwa."

"Sitaki."

"Kila mtu anapitia huko, mathe."

"Mimi si kila mtu. Mimi ni shemasi."

Akacheka mpaka akashika usukani. "Sawa, shemasi. Ukichoka, niko hapa."

Wasomaji wangu, kiburi kiko cha aina nyingi. Changu kilikuwa cha utiifu. Sabato iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha akina mama darasani habari za kuiheshimu serikali, nikawachapa maneno mpaka wengine wakainamisha vichwa. Ningepitaje kwenye mahindi?

Nikaingia ndani. Ukumbi mmoja, nchi mbili. Dirisha la kwanza ni la Kenya, la pili ni la Tanzania, na katikati kuna benchi ambalo sijui ni la nani.

Kwenye dirisha la Kenya aliketi kijana wa shati safi. Kifuani ameandikwa Omwenga. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Mkisii mwenzangu! Nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Bwakire buya, mwanangu."

"Kitambulisho," akasema kwa Kiswahili, bila kuinua macho.

Haya. Nikatoa kitambulisho na karatasi ya kusafiria.

"Wapi?"

"Tarime."

"Kufanya?"

"Kumwona mtoto wangu."

Akabonyeza, akabonyeza, akaacha kubonyeza. Akaitazama skrini, akanitazama mimi, akarudi kwa skrini.

"Mama, huwezi kutoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulishatoka."

Nikacheka, nikidhani ni utani wa watu wa nyumbani. Omwenga hakucheka.

"Ulitoka hapa mwaka mmoja kabla ya korona," akasema. "Hujawahi kurudi. Wewe hauko Kenya, mama."

"Sasa niko wapi?"

"Tanzania."

"Mwanangu, mimi juzi nilikuwa sokoni Oyugis nikiuza ndizi!"

"Kompyuta haijui habari ya ndizi."

Ndipo nikakumbuka. Mwaka ule kwaya yetu ilialikwa kwenye makambi ya kanisa upande wa pili. Tulitoka na basi la kanisa, tukapigwa mihuri wote, tukaimba wiki nzima hadi sauti zikakauka. Siku ya kurudi basi likavunjika ekseli karibu na mpaka. Wenyeji, watu wazuri sana, wakatuonyesha njia: "Kenya ni hapo tu, nyuma ya choo cha yule mzee." Tukarudi kwa miguu katikati ya mahindi tukiimba, soprano mbele, besi nyuma na mizigo. Hakuna hata mmoja aliyefikiria muhuri. Nani hukumbuka kubisha hodi akirudi kwake?

Nikamweleza Omwenga yote hayo, hata wimbo tuliokuwa tukiimba.

"Mlikuwa wangapi?" akauliza.

"Kwaya nzima."

Akabonyeza tena. Uso ukaanza kumbadilika.

"Kwaya nzima iko Tanzania," akasema polepole.

"Kwaya nzima iko Oyugis! Jared mpiga kinanda alishaoa, ana watoto."

"Basi amewapatia huko."

"Na mama Kerosi? Mama Kerosi tulishamzika, mwanangu, mwaka jana, nyumbani kwake kabisa!"

Omwenga akavuta pumzi. "Mama, sitaki kukuongezea uchungu. Lakini kwa hii kompyuta, marehemu bado hajarudi."

Nikaona nikiendelea kubishana nitafufua watu bure. Nikamuuliza nifanye nini. Akanielekeza dirisha la pili. Kama niko Tanzania, akasema, basi Tanzania ndiyo inayonimiliki, wao waamue.

Dirisha la pili lilikuwa na dada mnene mwenye sura ya upole na sauti ya kubembelezea mtoto. Jina lake Pauline.

"Shikamoo, mama yangu."

"Niko poa tu," nikamjibu. Sisi wa huku tumesoma marahaba shuleni tukaiacha hukohuko.

Akatabasamu. "Karibu sana. Pole na safari. Umepata hata chai, mama?"

Nusura nilie. Tangu nitoke kwa Ondieki hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikampa kitambulisho. Akakipokea kwa mikono miwili, akaangalia mashine yake, akaiangalia tena.

"Mama yangu," akasema, "naomba uniwie radhi. Nitakuambia jambo, na nitalisema kwa heshima kubwa sana."

"Sema, mwanangu."

"Wewe ni mhamiaji haramu."

Watu wa Kenya wakikukataa, wanakufukuza na unajua umefukuzwa. Hawa wa kule wanakukataa kwa adabu mpaka unatoka ukiwashukuru. Pauline akanieleza, kwa Kiswahili cha kupendeza, kwamba niliingia kwao kwa siku chache za makambi, nikakaa miaka, na sikuaga.

"Lakini nimesimama hapa, nimetoka Kenya sasa hivi!"

"Ndiyo, mama, mimi nakuona. Mfumo ndio haukuoni."

"Nifanye nini?"

"Tutakusaidia, usijali. Kwanza, unakwenda kwa nani?"

Nikamwambia. Nikamtajia kijiji, nikamtajia Gisiri. Pauline akauliza kama ni yule Gisiri wa pikipiki nyekundu, mwenye pengo. Nikasema huyohuyo, ndiye anayemwoa binti yangu.

Akaweka kalamu chini.

"Mama yangu, mimi ni mzaliwa wa kijiji hicho. Nyumba ya mama yangu inatazamana na yao. Gisiri ana mke. Nilicheza harusi yake."

Nikashika ukingo wa dirisha.

"Anaoa wa pili?"

"Haoi. Alitumwa kutafuta. Anayeoa ni shangazi yake, mama mzee Robi."

"Shangazi? Mwanamke?"

"Nyumba ntobu, mama. Hamjaisikia huko kwenu?"

Nilikuwa nimeisikia, kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji cha mbali. Mama aliyekosa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe kama mwanaume, anaoa msichana, msichana anamzalia watoto, na watoto wanakuwa wa ile nyumba. Baba wa watoto anachaguliwa tu. Pauline aliniona nimekunja uso, naye akakunja wake kidogo.

"Usiidharau, mama. Kwetu ni ndoa ya heshima. Mama mzee Robi ni mtu mwema, ana shamba, na binti akikubali atatunzwa kama yai. Swali ni moja tu. Binti yako aliambiwa?"

Mama njoo kabla ng'ombe hawajatoka.

Aliyemwambia "nakupenda" ni Gisiri. Aliyekuwa akingoja ndani ya nyumba ni ajuza. Na aliyekubali ng'ombe ni Ondieki, anayejua kupekua Biblia usiku kucha lakini hakuweza kuuliza bwana harusi ni nani. Au aliuliza. Kuwaza kwamba aliuliza kuliniuma zaidi.

"Nisaidie, mwanangu," nikasema. "Nipitishe tu. Nikimaliza mtanifunga."

Pauline akafuta macho kwa kiganja. Alikuwa mtu, yule dada, nawaambia ukweli. Akafikiri, kisha akaniinamia.

"Sikiliza. Huwezi kuingia kwa sababu uko ndani. Kwa hiyo nakutoa kwanza. Nakugongea muhuri wa kutoka, Omwenga anakugongea wa kurudi, unakuwa mtu mpya. Kisha unaomba kuingia tena. Aliyekaa kupita siku zake haruhusiwi kurudi papo hapo, ila mkubwa wangu anaweza kukubali kwa jambo la kifamilia. Amekwenda kula. Akirudi nitamwomba mwenyewe. Ng'ombe si kesho?"

"Kesho."

"Basi kabla jua halijazama utakuwa na mwanao. Nami nitampigia mama yangu simu, avuke barabara amtafute Sheila."

Akagonga. Nikarudi dirisha la kwanza. Omwenga akagonga, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Karibu Kenya, mama."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya miaka, wala sikuwa na mzigo wowote wa zawadi.

Nikaketi nje kwenye kivuli cha ukuta, upande wa Kenya, nikimngoja mkubwa wa Pauline amalize ugali. Mkubwa yule anakula, jamani! Jua likapita utosi, likaanza kuteremka, na mimi bado natazama mlango. Wenye lori walipita, akina mama wenye dagaa walipita, hata mbuzi mmoja alipita bila mtu. Kijana wa bodaboda alinipungia mkono mara kadhaa na mimi nikajifanya nasoma Biblia.

Ndipo nikasikia kengele ya shingoni.

Chini ya ua wa ofisi kuna ile njia ya mahindi. Kila mtu anaijua. Na kwenye njia ile ng'ombe walikuwa wanakuja kutoka upande wa pili, wamependeza, migongo inang'aa, na nyuma yao mzee mwenye gambuti na koti jeusi la kanisani, fimbo mkononi, anapiga mluzi wa wimbo wa kufungua ibada.

Lile koti nalijua. Mimi ndiye niliyelishonea kifungo.

"Ondieki!"

Akashtuka, akanywea, kisha akajikaza akatabasamu.

"Aa, shemeji! Bwana asifiwe. Umekuja kutupokea?"

"Ng'ombe si wa kesho?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto mgumu wa kufundishika.

"Shemeji, kesho ni nini?"

"Jumamosi."

"Kesho ni Sabato. Mimi mzee wa kanisa nipokee ng'ombe siku ya Sabato? Niliwaomba wazee wa kule wasogeze iwe leo. Wamekubali vizuri sana, wameheshimu imani yetu."

Wueh! Hapo wasomaji wangu nilijichukia. Nimebatizwa Msabato, nimelishwa Usabato na uji. Mkatoliki angekubali ile Jumamosi, na ningemsamehe. Lakini mimi! Nilikaa juu ya nyanya, nikakaa mbele ya madirisha, nikakaa kivulini, najipa moyo kwamba bado iko kesho, na kesho hiyo haikuwahi kuwepo hata dakika moja.

Nikateremka ule mteremko mbio na viatu vya kanisani, nikasimama mbele ya ng'ombe wa kwanza. Akasimama. Mnyama ana adabu kuliko jamaa zangu.

"Ondieki, nani anamwoa mtoto wangu?"

"Mambo hayo tutaongea nyumbani."

"Nani?"

Akaangalia fimbo yake. Akaangalia mahindi.

"Shemeji," akasema, "ng'ombe ni ng'ombe."

Alijua. Alijua tangu mwanzo. Hasira ikanipanda. Mtoto wa ndugu yake mwenyewe, aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kusali! Na mimi mchana kutwa nimesimama kwenye foleni kwa kukosa muhuri mmoja, na huyu anapita na kundi zima akipiga mluzi!

"Niondokee njiani," akasema. "Hawa wanatakiwa walale bomani kwetu leo. Jua lisituzamie."

Basi nikageuka nikapaza sauti. Miaka yote ya kwaya ilitoka siku hiyo.

"Omwenga! Askari! Ng'ombe wanavuka! Hawana kibali! Hawana muhuri!"

Sijawahi kuona serikali ikikimbia hivyo. Omwenga akatoka na askari wawili, wakateremka, mmoja akamshika Ondieki ukosi wa lile koti, mwingine akazunguka nyuma ya ng'ombe. Ondieki akaanza kueleza habari za mahari. Omwenga akamuuliza kibali cha mifugo. Ondieki akaeleza habari za Sabato. Omwenga akamuuliza kibali cha mifugo.

"Wataingia karantini," Omwenga akatangaza. "Daktari wa mifugo anakuja Jumatatu. Yeye ndiye ataamua kama watachinjwa au watapigwa mnada."

Ondieki akanitazama. Mimi nikamtazama vilevile, nikasikia utamu hadi kwenye kucha. Ng'ombe hawatafika bomani. Mahari haijapokewa. Nimeshinda! Kijana wa bodaboda kule juu alikuwa akipiga makofi.

Omwenga akanijia na mkono wake mbele, akanipongeza, na safari hii kwa Kikisii.

"Mbuya mono, mama. Kama kila raia angekuwa kama wewe!"

Nikamwambia nafundisha darasa la akina mama kila Sabato.

Tukapandisha wote mpaka kwenye ua wa ofisi. Askari akaleta kopo la rangi nyekundu na brashi, akaanza kumchora ng'ombe wa kwanza alama ya serikali mgongoni. Akitiwa ile rangi, Omwenga akanieleza, si wa mtu tena mpaka daktari aseme. Nikaona ni kazi nzuri. Nikasimama kuitazama.

Pauline akatoka mbio mlangoni, viatu mkononi, simu imenyooshwa mbele yake.

"Mama yangu! Nimempata! Mama amempata! Ongea naye!"

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Sheila?"

"Mama." Sauti yake ilikuwa imepasuka kwa kulia, lakini ndani yake mlikuwa na kitu kama kicheko. "Mama, nimekataa. Nimesimama mbele ya wazee nikasema sikuambiwa. Mama mzee Robi mwenyewe amenilia, amesema hataki mke wa kudanganywa."

"Asante Mungu! Rudi nyumbani, mwanangu!"

"Naweza kurudi. Wazee wamekubali. Wamesema ng'ombe wakirudishwa leo kabla hawajalala bomani kwetu, hakuna ndoa, hakuna kesi. Wakikosekana nitabaki mimi badala yao. Wanataka walewale, mama, wamewahesabu hadi mabaka. Baba mdogo ameshika njia ya mahindi. Pauline anasema uko hapo mpakani. Uko nao, mama? Umewaona?"

Jua lilikuwa limefika kwenye mabati ya ofisi. Ondieki aliketi chini na pingu, koti limejaa vumbi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa hana neno la kuomba. Omwenga alikuwa anaandika jina langu kama shahidi.

"Mama? Uko nao?"

Askari akachovya brashi, akamfikia ng'ombe wa mwisho.

"Niko nao," nikamwambia.